Baba mkwe, fimbo yake na rimoti ya moyo wangu

Wakuu, hamjambo? Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Hasira ndiyo nimeshindwa kupunguza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimeolewa Kebirigo, huko Gusii, nimemaliza form four, mtoto wangu Moraa hata meno hajaota.

Nikaanza kuanguka. Nachuma majani chai, giza, paap! Naamka nimemwagiwa maji kama sukuma wiki ya sokoni.

Mama mkwe akaamua ni kifafa. "Utamwangusha mtoto motoni," akasema, akamchukua Moraa. Nikawa nampata wakati wa kunyonya tu, nasimamiwa kama mfungwa.

Hospitali nilienda. Kila kipimo, normal. (Moyo wenyewe ulikuwa na adabu mbele ya daktari, mjinga huyo.)

Mwishowe daktari mmoja Nairobi akanipasua kidogo kifuani, akaweka kidude chini ya ngozi, saizi ya kidole. Kazi yake kusikiliza moyo mchana na usiku. Ukizimia, mtu aweke rimoti yake juu ya kifua abonyeze, ndipo kihifadhi kilichotokea. Mkichelewa, rekodi inajifuta.

Siku ikafika. Niko shambani, aliye karibu ni baba mkwe peke yake.

Sasa, kwa wasiojua Gusii: kuna chinsoni, heshima ya wakwe. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Kifua? Afadhali ashike nyoka.

Jirani aliyekuja mbio ndiye alinisimulia. Mzee alikuwa anazunguka michai akilia, "Mokamwana, amka ujibonyeze! Tafadhali, mama!"

Mokamwana, yaani mke wa mwanawe, amelala kama gunia.

Basi akatoa rimoti kwenye kikapu changu, akanirushia kifuani, akageuza uso akitazama kilima, akabonyeza kwa ncha ya fimbo. Kwanza akanidunga tumbo. Halafu shingo. Halafu, tii!

Daktari akasoma: moyo ulikuwa unasimama kabisa, kisha unakumbuka kazi. Kifafa hakuna. Nikawekewa mashine ya kuuamsha.

Nilipotoka hospitali, mama mkwe bado kamkumbatia Moraa. "Tungoje kwanza tuone..."

Mzee akanguruma kutoka mlangoni, mgongo ametupa: "Mpe mtoto wake! Au nilete fimbo?"

Nikapewa. Moraa akanitapikia maziwa begani. Sikupangusa.

Nilichojifunza: mtu akizimia, msimpe ugonjwa wa kubahatisha na kumnyang'anya mtoto. Upimwe moyo pia.

Haya, semeni ukweli: mkwe wako angebonyeza, au ungezikwa kwa heshima?