Ramadhani wa Lindi

Muzamil wa Mtawanya ana bajaji, simu iliyopasuka kioo, na mdomo usiojua kupumzika. Mchana anabeba abiria. Jioni anajifungia chumbani, anasimamisha godoro ukutani sauti isigonge bati, anatengeneza muziki.

Basi dada yake, Fauzia, akaposwa. Muzamil akatangaza kijiweni kwamba bibi harusi ataingia kwa wimbo wa kaka yake. Fauzia kusikia, akaja juu.

“Kaka, nakupenda, lakini wimbo wako hauingii kwenye harusi yangu. Umesahau ya kwenye harusi ya binamu? Watu walidhani jenereta linataka kulipuka!”

Kweli walidhani, na mzee mmoja aliinuka kwenda kulizima. Lakini Muzamil ana kichwa kigumu huyo, we acha tu. Fauzia ni dada yake wa pekee, na wimbo ndio kitu alichotaka kumpa. Akamwita Hawa, muuza mihogo ya kukaanga mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, wakarekodi. Kisha akavaa hedifoni, akapanga kila kitu mwenyewe: ngoma kushoto, Hawa kulia.

Akautuma kwenye kundi la madereva wenzake. “Moto!” “Umetisha, mwanangu!” Andrea, rafiki yake wa kijiweni, alisifu baada ya sekunde kumi. Wimbo wenyewe una dakika nne! Ndivyo tulivyo watu wa huku, kumwambia mtu ukweli usoni tunaona haya, bora aaibike mbele ya ukumbi mzima.

Muzamil siyo mjinga. Akabuni mtu. Kuanzia kesho yake akawa anaupiga wimbo kwenye bajaji, na kila abiria aliambiwa kwamba ni wa kijana mmoja wa Lindi, anaitwa Ramadhani. Ramadhani hayupo, nani amwonee haya?

Wakapanda akina mama wawili kutoka sokoni, mmoja akakaa upande wa spika ya kushoto, mwenzake upande wa kulia.

“Huyu Ramadhani haimbi?” akauliza wa kushoto. “Mie nasikia ngoma tu, inanitwanga mgongo.”

“Ngoma iko wapi?” akashangaa wa kulia. “Kuna mwanamke hapa anaimba peke yake, masikini, kama anabembeleza mtoto.”

“Mama, kijana wa watu amejitahidi!” Muzamil akadakia.

“Angejitahidi kulima!”

Wakacheka mpaka wakapitilizwa kituo, maana dereva alikuwa amevimba na hasikii. Lakini jioni aliichunguza ile hedifoni. Lahaula! Waya wa sikio la kushoto ulikuwa umekatika nusu. Ngoma ilikuwa inamfikia kwa mbali, naye akawa anaipandisha, anaipandisha, mpaka ikawa balaa. Akaazima hedifoni ya Andrea, akamleta Hawa katikati, akaishusha ngoma.

Andrea naye akaingia kwenye mchezo, akauweka wimbo kwenye bajaji yake. Kila jioni wawili hao walikutana kijiweni kupeana matusi ya abiria. Mwalimu mmoja alisema kinanda kinapiga kelele. Muuza samaki alisema maneno ya mwanzo hayasikiki. Muzamil alinuna, akarekebisha, akanuna tena. Wiki ya tatu abiria mmoja akafika kwake, akagoma kushuka mpaka wimbo uishe.

Siku hiyohiyo Fauzia akarudi nyumbani anameremeta.

“Kaka, wimbo nimepata! Nimeusikia kwenye bajaji ya Andrea. Wa Ramadhani wa Lindi. Unamfahamu? Huyo ndiye fundi bwana, siyo weye.”

Muzamil alitaka kuruka, akataka na kulia. Akisema ni wake, Fauzia ataukataa. Akinyamaza, sifa zote zinakwenda Lindi.

“Namfahamu kidogo. Nitamwomba.”

“Mwambie kwenye ubeti wa pili kuna mlango unalia. Aushughulikie.”

Akausikiliza. Kweli bwana! Ni mlango wa chumbani kwake, siku bibi yao alipoingia na uji katikati ya kurekodi. Akapaka bawaba mafuta ya nazi, akamrudisha Hawa, wakaimba ubeti upya. Moyo ulimuuma, lakini alitaka dada yake aingie vizuri, hata kama ni kwa jina la mtu asiyekuwapo.

Asubuhi ya harusi Fauzia akamwita chumbani, hina imekolea mikononi, akampa kanzu mpya iliyokunjwa.

“Zawadi ya Ramadhani. Hebu ijaribu tuone.”

Akaivaa. Mabegani sawa, mikononi sawa, urefu kama alikuwapo kwa fundi.

“Si itakuwa ndogo kwake?” akauliza.

“Nilipeleka kanzu yako ya Idi kwa vipimo.” Fauzia akamweka sawa kola. “Kaka, ule mlango nimeufungua na kuufunga tangu mtoto. Ningekosa kuujua? Nilitaka nione kama utakubali kuambiwa ukweli.”

Muzamil akalia palepale, mtu mzima, bila haya. Nje Andrea alikuwa ameshaunganisha simu kwenye spika za turubai, akaja kugonga dirisha.

“Jamani, watu wamejaa! Ramadhani yuko wapi?”

“Nakuja,” akajibu Muzamil, akijifuta machozi.