Draya na Dirisha la Mama Mkwe

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nikifika kwa ya wengine mtu asiseme nilijificha. Jumanne na Ijumaa sikuwa nasafisha chujio la draya, lile linalonasa pamba inayotoka kwenye nguo. Siku zingine nililisafisha, na kwenye daftari langu kuna alama kwa kila siku niliyofanya hivyo. Lakini Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za nguo za mama mkwe, na mimi sikuona namna.

Draya ni mashine ya kukausha nguo. Ilitufikia kutoka kwa binti yetu, alipohamia nyumba ndogo mjini ikakosa pa kukaa. Hapa kwetu juu ya Runyenjes ni wachache walio nayo, na mimi mwenyewe ningeicheka kama si baridi ya mwezi wa saba. Mwezi huo ukungu hushuka juu ya majani chai asubuhi, na siku nyingine hauondoki hata saa nane. Shuka ukiianika Jumatatu, Alhamisi unaishika bado ina unyevu, na inanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Mwaka huo shuka zilikuwa nyingi. Mama mkwe alikuwa amevunjika nyonga akifuata mbuzi kwao, upande wa Mbeere, karibu na Kiambere. Daktari alitaka awe karibu na hospitali, na wanawe wa kiume wote wako mbali. Kwa hivyo aliletwa kwetu, na nafikiri kuletwa kwa mkwe kulimuuma kuliko nyonga.

Mwanamume na mama mkwe wake huku wana kitu tunachoita nthoni. Ni heshima, na ni aibu pia, na Kiswahili changu cha darasa la saba hakina neno moja la kubeba vyote viwili. Hamshikani mikono. Mkikutana njiani mmoja anaingia kando. Chumba anacholala huingii, kitanda chake hukioni, sembuse nguo zake za ndani. Vijana siku hizi wanasema hayo yamepitwa na wakati, na pengine ni kweli. Sisi wawili hatukuwa tumepata habari.

Tulikuwa tukizungumza yeye akiwa ndani na mimi nikiwa nje ya mlango, kila mmoja akiangalia upande wake. Alikuwa na utani wake. Siku ya kwanza aliposikia mashine ikinguruma aliuliza ni gari gani limeingia kwenye stoo. Nikamweleza. Akasema kwao nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho, juu ya kichaka tu, na tena hiyo stima tunayoringa nayo imetoka kwenye mto wao, na yeye nyumbani bado anawasha kibatari. Alisema kweli.

Draya niliiweka kwenye stoo, kwa sababu huko ndiko kuna soketi inayoweza kuibeba. Stoo na chumba cha mama vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Nyumba yetu yote ni ya mbao. Bomba la kutolea hewa moto nililipitisha nje kwa kukata tundu kwenye ubao, na likatokea umbali wa mkono mmoja kutoka dirisha lake, juu ya njia ya kwenda kwa ng'ombe. Nilipima tundu mara tatu. Dirisha sikulifikiria hata kidogo.

Wiki ya pili mashine ikaanza kusumbua. Mzigo uliokuwa ukikauka kwa saa moja ulichukua karibu tatu, na nguo zikatoka moto lakini bado na maji. Halafu ikafa kabisa: inazunguka, lakini joto hakuna. Nikamwita fundi wa stima kutoka sokoni. Alifungua mgongo wa mashine akanionyesha fyuzi ndogo ambayo hujikata joto likizidi, ili nyumba isishike moto. Akabadilisha. Baada ya siku chache ikakatika tena.

Hapo nikamshuku fundi, kwamba ameniuzia fyuzi ya zamani. Niandike pia kwamba nilikosea. Alirudi bila kununa, akakagua mkanda, akazungusha pipa kwa mkono, akapitisha brashi ndefu ndani ya bomba kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa safi.

"Mzee, hii mashine yako haipumui," akaniambia. "Mtu akikuziba pua na mdomo halafu akuambie ukimbie, utafika wapi?"

Nikamwambia bomba si hilo, safi.

"Leo ni safi. Siku inapokatika, umeliangalia?"

Sikuwa nimeliangalia. Alipokuwa anafunga sanduku lake aliniambia neno lingine ambalo lilininyima raha mwezi mzima: fyuzi ikikataa kukatika kwa wakati, pamba ile ya nguo inashika moto kama majani makavu. Na nguo zenye joto kali zisiachwe zimelala ndani mashine ikisimama, kwa maana moto unaweza kuanzia katikati ya rundo.

Tangu siku hiyo sikuchuma chai vizuri. Nilikuwa natua kikapu katikati ya mistari narudi nyumbani kugusa mfuniko wa mashine kwa kiganja. Mke wangu aliniambia naigusa draya kuliko ninavyomgusa ng'ombe mgonjwa. Nilichokuwa nawaza ni kimoja. Upande wa pili wa ule ubao kulikuwa na mtu ambaye hawezi kukimbia. Ili atoke kitandani hadi mlangoni alihitaji fimbo, ukuta na muda mrefu, na mimi ndiye niliyeweka moto karibu naye.

Nikakaa na daftari. Fyuzi ya kwanza ilikatika Ijumaa, ya pili Jumanne. Nikasema ni mimi, ni chujio. Nikamwuliza mke wangu kama siku hizo analisafisha yeye. Akasema analisafisha kabla na baada. Nilimwuliza mara ya pili, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, na akanijibu kwamba nguo za mama yake anazijua, na kama nina shaka nikaangalie mwenyewe. Alijua siwezi. Baadaye niliomba msamaha, lakini siku hiyo niliondoka nikiwa nimekasirika na nikiwa sina haki.

Ijumaa iliyofuata mke wangu aliitwa kwa jirani aliyefiwa. Akaniambia mashine imebaki dakika ishirini, niwe karibu. Nilikuwa kwenye zizi. Nikasikia harufu, si ya moto bado, ni kama ya pasi iliyosahaulika juu ya shati. Nikakimbia. Mfuniko haukugusika. Nikazima kwenye ukuta, pipa likasimama, na kukawa kimya.

Sasa nguo zilikuwa ndani, zimelala, moto. Na zilikuwa za mama mkwe.

Nilisimama mbele ya kile kimlango nikashindwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa miaka hamsini na kitu, nimeshika mkono wa mashine, na sifungui. Nikajiambia niangalie bomba kwanza, na bado sijui kama hiyo ilikuwa akili au ilikuwa kutoroka. Nikazunguka nje.

Kwenye mdomo wa bomba kulikuwa na kitambaa cha kichwa, cha bluu, kimesokotwa na kusukumwa ndani mpaka kikabakiza ncha. Na kutoka dirishani fimbo yake ilikuwa imetokeza, inajaribu kukivuta.

Fimbo ilipomwona mtu ikarudi ndani.

Niligeuka nikaangalia ng'ombe. Nikauliza, "Mama, hiki kitambaa ni chako?"

Nilisikia akikohoa, kisha sauti ikatoka pembeni ya dirisha, maana yake hata yeye alikuwa amenipa mgongo.

"Ni changu. Huwa nakitoa mashine ikinyamaza. Leo kimekwama."

Nikamwuliza kwa nini.

"Ile Jumanne ya kwanza nilikuona. Ulitoka kwenye chai na baridi, ukasimama hapo ukaweka mikono kwenye bomba kama mtu anayeota moto. Ukaleta na uso. Mkwe wangu, ulikuwa unaota nguo zangu."

Nilikumbuka. Ukungu ulikuwa mzito na ile hewa ilikuwa ya joto, inanukia sabuni, na nilifurahi nayo kweli. Sikuwa nimeuliza ni siku gani. Masikio yaliniwaka kuliko ile mashine.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Na msichana wangu angecheka. Nikaona heri nizibe."

Ningetaka kusimama hapo nijione mjinga kwa muda wa kutosha, lakini harufu ilikuwa bado inatoka stoo. Nikamwambia alichosema fundi kuhusu nguo zilizolala. Nikamwambia binti yake ameenda matangani na sijui atarudi saa ngapi. Nikamwuliza, "Nizitoe, au nikutoe wewe kwanza?"

Sasa nikiandika naona swali lile lilikuwa baya kuliko lote, kwa kuwa kumtoa ni kumbeba. Nafikiri alilipima.

"Toa nguo," akasema. "Ukitaka funga macho. Lakini toa."

Nilifunga macho. Nilifungua kimlango, nikavuta kila kitu kwa mikono miwili hadi kwenye beseni, kifungo cha chuma kikaniunguza kidole hiki cha shahada, nikafunika na gunia na kuburuta beseni hadi kwenye nyasi. Nilijigonga kwenye fremu ya mlango nikienda. Yeye ndani alisikia kishindo akauliza kama ni mimi au ni beseni. Nikasema ni mimi. Akasema basi afadhali, beseni ni la msichana wake.

Mke wangu aliporudi alikuta shuka moja imebadilika rangi katikati, kahawia kama mkate, pana kama sahani. Alikaa chini akaishika muda mrefu. Hakucheka kama mama alivyohofia. Ile shuka ilikuwa chini ya rundo, na ninapoikumbuka huwa nauliza ni dakika ngapi nilisimama mbele ya kile kimlango kabla ya kuzunguka nje. Katika daftari sikuandika dakika. Nilikuwa naandika kila kitu, na hizo sikuziandika.

Bomba sikulihamisha. Nilihamisha njia. Nilikata ngazi nyingine kwenye udongo upande wa migomba, na ng'ombe akazoea kuniona nikitokea huko. Chujio la Jumanne na Ijumaa lilikuwa likipelekwa chumbani kwake, na alilisafisha mwenyewe akiwa ameketi, kwa chanuo la zamani, vizuri kuliko mimi. Na kila mashine ilipowashwa, kwa nguo zozote, yeye alitoa mkono dirishani akauweka mbele ya bomba. Mimi nikiwa ng'ambo ya migomba namsikia akisema, "Inapumua."

"Asante, Mama," najibu, na hapo ndipo nilikuwa naweza kurudi kwenye chai.

Alipopona alirudi Kiambere kwa mbuzi wake na jua lake. Draya bado iko. Sasa kazi ya bomba ni yangu. Nikishawasha naenda nje kupitia migombani, nauweka mkono mbele ya ile hewa, na kabla sijauweka bado naangalia dirisha. Halafu nautoa haraka, hata kama baridi ni kali, na nasema lile neno mwenyewe, kwa sauti ndogo. Mara nyingine narudia kulikagua bomba, kwa sababu nikisema mimi siamini sana.