Mteja Aliyetaka Salamu

Nakumbuka asubuhi moja huko Gando, mwanangu, wakati mie na Riziki tungali wasichana wa kusukwa nywele na watu wazima. Shangazi yangu, Bi Zuwena, alikuwa akiunga udi. Anapika shira ya sukari, anatia vipande vya udi na sandali, anamiminia marashi ya mawardi, na kukoroga mpaka mtaa mzima ujue leo kwa Bi Zuwena kuna kazi. Sisi wawili ndio tuliomsaidia. Mie nilikoroga kwa mkono wa kushoto, maana ndivyo Mungu alivyoniumba, na Riziki, mtoto wa jirani, tuliyekuwa naye kama chanda na pete, ndiye aliyenibandika jina la Mashoto. Hakuna mwengine aliyeniita hivyo ila yeye.

Siku hiyo tulimfuata Shangazi hadi Wete kuuza. Tulipoingia mtaani, Riziki, ambaye ulimi wake haukujua haya, akaweka mikono mdomoni akanadi: "Udi! Udi wa Gando! Udi wa maharusi!"

Shangazi akasimama njiani.

"Nyamaza wee! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Riziki akamtazama, akakitazama na kikapu alichojitwika. "Mbona weye Shangazi wautembeza?"

Nikajua leo tutachapwa. Lakini Shangazi alicheka mpaka akajishika kiuno. Alipotulia akasema, "Siutembezi udi mie. Natembelea watu. Udi wanifuata tu."

Na kweli. Tukapiga hodi nyumba ya kwanza, tukakaribishwa, tukakaa. Shangazi akauliza mguu wa mwenye nyumba umepoaje, binti yake aliyeolewa Kiuyu kajifungua nini, mume karudi bahari au bado. Kikapu kiko pembeni, kimefunikwa kawa ya ukili. Nyumba nyengine tuliagana na kawa haijafunuliwa, wala sikumwona Shangazi akinuna. Na kuna mara moja shira ilimuungulia, udi ukatoka na harufu ya moshi, na ulikuwa umeshauzwa kabla hajatanabahi. Alipita nyumba zilezile, mlango kwa mlango, akawaambia, "Safari hii udi wangu si mzuri. Nirudishieni, ningojeni mwengine." Riziki akaninong'oneza kwamba biashara ya Shangazi ndiyo imekufa. Haikufa. Nyumba zile zilimngoja.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu najua nawe umefungua duka lako ndani ya simu. Nisikilize. Mkaa wangu umeshashika, sina haraka.

Riziki aliposwa na jamaa yao aliyekuwa akiishi Maskati. Mie ndiye niliyemsinga mwili siku zake za uharusi, kwa singo la manukato aliloliponda Shangazi, na mikono yangu ikabaki na harufu yake hata baada ya yeye kuondoka. Gatini Wete, siku ya safari yake, alinishika mkono huu wa kushoto, hakuuachia mpaka alipoitwa chomboni. Mwanzo habari zake zilikuja kwa midomo ya wasafiri: kajaaliwa mtoto, kahama nyumba, anasalimia. Kisha wasafiri wakawa hawamjui tena. Shangazi alifariki, nikairithi kazi. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Ati watu husema aliye mbali na macho yuko mbali na moyo. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa na Riziki. Kila nikishika mwiko nilisikia mtu nyuma yangu akisema, Mashoto, udi utaungua huo!

Sasa mjukuu wangu Rahma, alipomaliza chuo Chake Chake akakosa kazi, akaniambia, "Bibi, udi wako tuutie mtandaoni." Nikamwambia udi hautiwi kokote ila chetezoni. Akacheka, akafungua ukurasa. Akanipiga video nikikoroga, uso asiuonyeshe kwa kuwa nilimkataza, mikono tu na chungu. Sikuamini yaliyofuata. Watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, mpaka ng'ambo huko, wakaanza kuuliza. Udi wa mwezi mzima ukawa unakwisha kwa juma moja. Sitosema uongo, mwanangu, nilifurahi. Kijungu kilichokuwa kikilisha nyumba moja kikawa kinalisha tatu.

Lakini ujumbe ukawa mwingi, na Rahma ni mmoja. Akaifundisha simu ijibu yenyewe: "Mpenzi mteja, ahsante kwa kutuandikia, tutakuhudumia hivi punde." Yeye akawa anawafungua wale walioanza kwa kuuliza bei. Walioanza kwa salamu walibaki chini, na waliotuma sauti ndefu ndio kabisa.

Siku moja tuliketi barazani baada ya Adhuhuri, mie nachambua asumini, yeye anafuta ujumbe wa zamani ili simu ipumue. Kidole kikateleza, sauti ikatoka.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Mie naitwa Riziki, niko Maskati, lakini kwetu ni Gando. Nimeonyeshwa video yenu. Huyo bibi anayekoroga kwa mkono wa kushoto, nakuomba umuulize jina lake. Akiwa ni Hidaya, mwambie Riziki amsalimu sana."

Asumini zilinimwagika. Rahma akaniuliza, "Bibi, una nini?" Nilimwashiria tu: endelea.

Chini ya sauti ile palikuwa na jibu la mashine. Na chini yake Riziki, masikini, alikuwa ameijibu mashine kwa adabu: "Ahsante, mwanangu, kwa kunijibu. Nasubiri." Alisubiri. Akatuma tena: "Labda mna kazi nyingi, si kitu." Mashine ikamwahidi hivi punde. Akashukuru tena. Safari nyengine hakuuliza chochote, alisimulia tu kuwa huko joto kali, na kwamba alimkumbuka Bi Zuwena na kikapu chake. Sauti ikawa inapungua nguvu kila moja ilipofuata nyengine. Ya mwisho ilikuwa na kikohozi: "Mwanangu, kama huyo bibi si Hidaya, niambie tu, nisingoje."

Sauti ya kwanza ilikuja kabla ya Ramadhani. Siku hiyo tuliyoisikia, Idi Kubwa ilikuwa imeshapita.

Rahma alilia. Sikumgombeza, maana moyo wangu haukuwa na nafasi ya hasira. Nilimwambia, "Piga."

Alipokea binti wa Riziki, aitwaye Nasra. Rahma akajieleza, akaomba radhi, na Nasra akasema mama hatoki kitandani tena, lakini atamsogezea simu sikioni. Nikasikia pumzi. Kisha, "Nani?"

"Mashoto," nikasema.

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anajiinua.

"Mashoto! Udi ushaungua huku, weye uko wapi?"

Tulicheka, mwanangu, tulicheka tukilia, na wajukuu huku na huko hawajui washike lipi. Nasra akataka tuonane kwenye kioo cha simu, Riziki akakataa. "Macho yangu yameingia ukungu," akasema. "Nisemeshe tu. Sauti yako haijazeeka."

Toka siku hiyo, kila baada ya Alasiri tulizungumza. Aliniuliza nyumba hadi nyumba: kwa fulani nani anakaa, yule mwenye ng'ombe mkali yu hai? Wengi nilimtajia kuwa wamekwenda, naye akawarehemu mmoja mmoja. Siku nyengine alichoka, tukanyamaza tu pamoja, yeye kule, mie huku, bando linakwenda. Rahma akalijaza tena.

Niliunga udi kwa ajili yake peke yake. Tukampa mwanamke wa Wete aliyekuwa akisafiri kwa dada yake Maskati. Ulipofika, Nasra alitia mkaa chetezoni karibu na kitanda, simu iko wazi. Nikamsikia Riziki akivuta pumzi. "Ahaa," akasema. Hilo "ahaa" ninalo mpaka leo.

Hakukawia sana baada ya hapo. Alitutoka kabla ya mvua za vuli. Nasra alinipigia mwenyewe, hakuniandikia, na kwa hilo namuombea kheri. Akaniambia wanawake waliokuja matangani walinusa nyumba ile wakauliza udi huu umetoka wapi, naye akawahadithia. Wengi wao leo ni wateja wetu, hawana mfano kwa uaminifu, wala hakuna tangazo lililowaleta. Nawapenda wote. Lakini usiniulize kama ningewatoa wote nipate asubuhi moja tu ya kutembea Wete na Riziki, maana unajua nitakavyojibu.

Milima haikutani, binadamu hukutana, na simu hizi ndizo zilizotukutanisha. Siwezi kuzitukana. Zilinirudishia mtu niliyekuwa nimeshamkatia tamaa. Ila zilimchelewesha pia, na kilichomchelewesha hakikuwa chuma wala mtambo. Huko mtandaoni Riziki alipiga hodi miezi, na ndani tulikuwamo.

Basi, mwanangu, unapofungua ukurasa wako, jua kwamba umefungua mlango. Anayekuandikia yuko kizingitini, amevua viatu. Ukitaka mashine impokee wakati weye una kazi, iache impokee, lakini iseme kweli kuwa ni mashine, na iseme utakuja saa ngapi, na weye uje. Rahma sasa anakaa kila Alasiri anasikiliza sauti zote, ndefu na fupi, na anajibu kwa sauti yake, anamtaja mtu kwa jina. Akiambiwa mtoto anaumwa, juma lijalo anauliza mtoto yu vipi. Amegundua kwamba anayesalimia leo bila kununua, kesho ndiye anayeleta shoga zake. Na hata asipoleta, neno jema ni sadaka.

Onyesha kazi yako ilivyo. Watu wanapenda kuona mkono unaofanya. Ikiungua, sema imeungua. Mvua iliyopita mkaa ulirowa, udi ukachelewa, Rahma akaiambia dunia nzima kwenye ukurasa, na watu wakajibu pole, tutangoja. Picha ya bwana wa watu au bibi harusi wa watu usiitie bila ruhusa yake, hata akiwa amependeza vipi. Anayekulalamikia mbele ya watu, mjibu mbele ya watu kwa upole, kisha mfuate pembeni umsikilize. Wala usikimbilie wingi wa wafuasi ukadhani ndio wateja. Wapo wengi wapitao barazani, na wapo wachache watakaokutafuta hata ukihama mji. Hao wajue.

Na kama miongoni mwa ujumbe wako upo uliokaa nao kwa kuwa ni mrefu, au kwa kuwa hauna bei ndani yake, uusikilize leo.

Nenda na amani ya Mungu. Akubarikie mikono yako na kinywa chako, akupe chumo la halali lenye utulivu, asikufanye mgeni kwa watu unaowauzia, na yeyote anayekungoja amjaalie akupate angali anaweza kukusikia. Amin.