Soya imerudi, upekuzi unaendelea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira anapiga goti kwenye sakafu yenye unyevu na kuzungusha futi ya fundi cherehani kifuani mwa nguruwe. Nguruwe anakula, hana habari naye. "Tulia, mheshimiwa," anamwambia. Anasoma kipimo, anakiandika ukutani kwa chaki, anahamia kwa mwingine.

Wenzake humwita Mama Futi. Alishona nguo miaka tisa kabla ya kuajiriwa hapa kuchanganya chakula na kutunza nguruwe sitini. Mizani ya banda iliharibika zamani. Uzito hukadiriwa kwa futi yake na jedwali alilopewa na afisa mifugo.

Miezi minne iliyopita mwenye banda, ambaye wafanyakazi humwita Tajiri, aliondoa soya kwenye chakula na kuweka mashudu ya alizeti, makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, ambayo ni nafuu. Alipiga hesabu kwanza: protini ingebaki asilimia kumi na sita, kama zamani. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini nguruwe waliokuwa wakiongezeka gramu 600 kwa siku walishuka hadi 370, na vihori vilikuwa vikilambwa hadi vinang'aa.

Tajiri alimsimamisha Mama Futi mbele ya wafanyakazi wote.

"Chakula kinaingia, nguruwe hawakui. Kinakwenda wapi, mama?"

"Tajiri, nyumbani nina watoto wawili na mama mkwe. Hayo mashudu atakula nani?"

Watu walicheka. Tajiri hakucheka. Tangu siku hiyo mlinzi hupekua mkoba wa Mama Futi kila jioni. Wake peke yake.

Afisa mifugo alipeleka sampuli maabara. Protini ilikuwepo. Iliyopungua ni lisini, mojawapo ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ambayo mwili wa nguruwe hauwezi kujitengenezea. Soya inayo nyingi, alizeti kidogo. Zilipatikana gramu tano kwa kilo ya chakula. Nguruwe wa umri huo huhitaji karibu kumi. Lisini ikipungua, vijenzi vingine havina pa kushika. Badala ya kuwa nyama, vinaishia kwenye mkojo.

Mama Futi hueleza kifundi. "Una vitambaa vya mashati mia, kola za mashati hamsini. Utashona mashati mangapi? Halafu unamwita fundi mwizi!"

Soya ilirudi wiki tatu zilizopita. Chaki ukutani sasa inaonyesha gramu 580. Tajiri alipoulizwa kuhusu upekuzi alijibu, "Huo ni utaratibu tu." Alipoulizwa kwa nini utaratibu huo unamhusu mtu mmoja, alisema ana simu ya kupokea.

"Kunitukana alinitukana hadharani," anasema Mama Futi. "Jumatatu tukikusanyika kupangiwa kazi, nitasimama palepale aliponisimamisha. Anisafishe mbele ya watu walewale. Asipotaka, naondoka na futi yangu, nguruwe awapime kwa macho."

Jioni, getini, mlinzi ananyoosha mkono bila kumtazama usoni. "Samahani, dada. Ni amri."

Ndani ya mkoba mna kanga, kikombe na futi.

"Angalia vizuri, kaka," anamwambia. "Jumatatu huupekui tena."