Nikisema "Sina Amani," Harusi Yao Imekufa

Admin, ficha jina langu. Wengi wa kikundi chetu wanakufuata na wakinijua nimekwisha.

Mimi ni Mkenya, miaka thelathini na mbili, mlinzi kwenye jengo moja la Lusail huku Qatar, chumba changu kiko Muaither. Nimeokoka, na sijawahi kuamua jambo bila kumuuliza Mungu. Hapo ndipo nilipopigwa.

Mwaka jana nilikuwa na mchumba, dereva hapa hapa Doha. Nimwite Dan. Wajomba zake walikuwa tayari kwenda kwetu kupeleka posa. Sasa kikundi chetu cha maombi kina utaratibu: ukitaka kuoa ama kuolewa, waombezi wanafunga na kukuombea, halafu Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kanisani kule Abu Hamour wanakuambia kama wamepata amani, yaani kama Mungu amekubali. Kiongozi wao ni dada mmoja, nimwite Joyce. Alinishika mkono, akalegeza sauti, akaniambia, "Dada, nimelia mbele za Mungu kwa ajili yako, lakini sina amani na huyo kaka."

Nikamuuliza, "Kwani ana nini?"

"Mungu hajanionyesha sababu. Wewe tii tu."

Nikatii, mjinga mimi! Dan alilia ndani ya gari akiniuliza, "Mungu amekuambia wewe, ama amemwambia Joyce?" Nikamkemea kama pepo, nikashuka, nikafunga mlango. Miezi ikapita nikijisifu kwamba nimeyafanya mapenzi ya Mungu.

Basi mwezi uliopita Joyce na Dan wakasimama mbele ya kikundi wameshikana mikono. Wanaoana! Nilipomfuata kando, Joyce hata haya hakuwa nayo. "Dada, mapenzi ya Mungu hayapingwi." Nilitamani kumzaba kofi pale pale, na nguo zangu za kwaya.

Lakini ngojeni. Joyce hawezi kujiombea uchumba wake mwenyewe, kwa hiyo pasta ameniteua mimi niongoze waombezi. Eti mimi nimekomaa, sina kinyongo. Mimi! Na mamake Joyce huko nyumbani ameapa hatapokea posa mpaka asikie neno la waombezi. Juzi Joyce alinifuata mpaka kazini, amenibebea sambusa, sauti nyororo. "Dada yangu, nakutegemea. Ukisema una amani, mama atakubali."

Sambusa nilikula zote. Na tangu siku hiyo nafanya mazoezi kwenye kioo cha lifti: namshika mkono, nalegeza sauti, "Dada, nimelia mbele za Mungu, lakini sina amani." Akiniuliza sababu, nitamwambia atii tu. Nataka nimwone uso ukimshuka mbele ya watu wote. Nataka alie mpaka achoke, na tishu nitampa mimi. Nikifikiria hivyo nasikia raha ambayo hata kwenye sifa sijawahi kuisikia.

Shida ni moja tu. Jana niliingia maombi kweli, si kuigiza. Nilipiga magoti nikimtaka Mungu anipe sababu ya kuwavunja, hata moja ndogo, niseme bila kudanganya. Jamani, amani ikanijia. Ile yenyewe, ninayoijua, juu ya ndoa yao. Nilinyanyuka kwa hasira nikamwambia Mungu waziwazi, "Hapana, si huyu mwanamke!" Mimi nilipolilia uchumba wangu alikaa kimya, leo amefungua mdomo kwa ajili ya Joyce.

Ijumaa ni kesho kutwa. Nyinyi mnaotaka kuniambia nisamehe, kaeni kando kwanza, si hilo ninalouliza. Nauliza nikisimama pale niseme alichoniambia Mungu, ama nimrudishie Joyce maneno yake? Nishaurini upesi, kwa sababu mdomo wangu umeshachagua, na haujamchagua Mungu.