Mko Wangapi Humu Ndani

Kijiji cha Saqiya kimekaa baina ya vilima viwili vyeusi vya mawe, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mji wa Ibra, Oman. Kaskazini kuna mlima, na chini ya mlima ndipo linapotoka falaji, mfereji unaopita msikitini kwanza, kisha pahala pa wanawake pa kufulia, kisha ukapotelea mitendeni. Kusini ardhi imelala tambarare, changarawe tupu, mpaka Sinaw na mchanga wa mabedui. Njia ya gari ni moja tu, nayo inakata wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha mlimani. Wadi likishuka maji, aliyemo yumo, na aliyetoka hana pa kurudi ila angoje.

Watu wake hawakuwa wengi. Wanaume wenye nguvu walikuwa Maskati, jeshini na polisi, wakirudi Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa. Siku za kati kijiji kilibaki na wazee, wanawake, watoto na mbuzi. Nyumba zilizosema Kiswahili zilikuwa chache, zote upande wa juu, na majirani wakiziita nyumba za Wazinjibari, ingawa moja yao watu wake walitoka Burundi.

Katika moja ya nyumba hizo aliishi Badria na mumewe, Marhun, polisi mstaafu. Binti yao wa pekee, Nada, alikuwa kaolewa Maskati. Badria alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima. Pale Saqiya alijulikana kwa mkono wake mwepesi wa kutoa na kwa mkate wa kumimina ambao hata wanawake wa Kiarabu waliujia. Lakini asiyemjua akibisha hodi, Badria alikuwa akisimama kwanza nyuma ya mlango akisikiliza, na hilo alilijua Marhun peke yake.

Mwaka wa tisini na tatu, baridi ilipoanza, walikuja vijana wa serikali na kopo la rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kila nyumba. Badria alikuwa mitendeni. Aliporudi akaikuta namba ukutani, kando ya mlango, bado mbichi, rangi imechuruzika kidogo chini yake. Alisimama akaitazama mpaka jirani akamwuliza kama anaumwa.

"Ni sensa, mama Nada," Marhun alimweleza ndani. "Taadadi. Serikali inataka kujua nchi ina watu wangapi. Redioni wamesema mwezi mzima."

"Watakuja kuuliza?"

"Watakuja, wataandika, watakunywa kahawa, watakwenda zao."

Badria akaenda kufunga mlango. Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya mapinduzi ya Unguja, Januari, nje ya mji, shambani kwao, wanaume walipofika asubuhi na mapanga mikononi. Mmoja wao, tena kwa sauti ya upole, alimwuliza mama yake: "Bibi, mna wanaume wangapi humu ndani?" Mama hakuzoea kusema uwongo. Akasema watatu, mume wangu na wanangu wawili. Wakaitwa, wakatoka, baba akiwa bado anafunga kikoi chake. Hawakurudi tena, wala kaburi lao halikujulikana.

Kwa hiyo usiku na mchana wa siku zile Badria hakula vizuri. Alijua kuwa huku ni Oman, hapa hakuna wa kumdhuru mumewe, mtu aliyevaa nguo za serikali miaka yote ile. Alijua, na kujua hakukumsaidia kitu. Mwishowe akamwambia Marhun asafiri, akakae kwa Nada mpaka mambo yaishe.

"Na huko Maskati hawahesabu?"

"Basi nitawaambia umesafiri. Jifiche, baba Nada. Ghalani tu. Nakuomba, kwa haki ya mtoto wetu."

Marhun alimtazama. Aliona midomo ya mkewe ilivyokauka. Hakucheka.

"Nitaingia ghalani," alisema, "ikiwa moyo wako utatulia."

Walikuja siku ya Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani tangu alfajiri, na mbingu zilikuwa bado nzito. Badria aliwaona tokea darini: gari la serikali, dereva, na mwanamke kijana mwenye abaya na mkoba begani. Akashuka mbio. Marhun akainuka, akaingia ghalani, chumba kidogo kisicho na dirisha walimoweka magunia ya tende na majani makavu ya mbuzi. Badria akafunga mlango kwa komeo la nje.

"Shikamoo, bibi," alisema yule mwanamke alipokaribishwa. Jina lake Wiam, mwalimu wa jiografia katika skuli ya wasichana Ibra; wazee wake walitoka Tabora. "Mie Kiswahili yangu ni kidogo. Nyumbani wananicheka."

"Marhaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Dereva, Hamed, alibaki barazani akilitazama wadi. Wiam alikunywa finjani moja, akasifu tende, akauliza habari za mvua. Kila dakika aliyokaa, Badria aliiona kama inamkanyaga kifuani. Kisha Wiam akafungua mkoba wake na akauliza, kwa sauti ya upole:

"Bibi, nyumba hii iko watu wangapi?"

Ilikuwa sauti ileile.

"Mimi peke yangu," alisema.

"Na mzee?"

"Kasafiri."

Hapo ndipo aliposikia kikohozi. Kilikuwa kidogo, kimebanwa, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kilemba. Wiam akainua kichwa.

"Mbuzi," alisema Badria. "Wamekula vumbi."

Kikaja cha pili, na cha tatu, na baada yake mvumo mwembamba, kama pumzi inayopita kwenye tundu la sindano. Badria aliujua mvumo ule. Marhun alikuwa na pumu tangu zamani, na vumbi la majani makavu lilikuwa adui yake. Katika haraka ile hakuna hata mmoja wao aliyelikumbuka. Macho ya Badria yakaenda yenyewe kwenye rafu: kichupa cha dawa cha Marhun, kile cha kupuliza mdomoni, kilikuwa pale juu, karibu na redio.

Hakuinuka. Alijiambia atanyanyuka mgeni akigeuka, atanyanyuka mgeni akenda. Wiam akawa anamwuliza kitu chengine, alizaliwa wapi, na Badria anaona midomo yake tu ikicheza.

Kisha ghalani kukawa kimya.

Kimya kile kilimtisha kuliko kikohozi, kuliko namba ya ukutani, kuliko yote aliyoyabeba tangu utotoni. Badria akanyanyuka, finjani ikaanguka ikavunjika, akachukua kichupa, akakimbilia komeo.

"Yumo," alisema. "Mume wangu yumo humu. Nisaidie, mwanangu, yumo."

Marhun alikuwa kaegemea gunia, midomo imegeuka rangi ya majivu, kilemba kakikamata kinywani. Alikuwa amekinyamazisha kifua chake kwa ajili ya mkewe mpaka pumzi ikaisha. Badria akampulizia dawa, lakini Marhun hakuweza kuivuta. Hamed akaitwa. Wakambeba, mmoja mabegani mwengine miguuni, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Badria.

Kwenye wadi Hamed akasimamisha gari. Maji ya mlimani yalikuwa yameshaanza kushuka, ya kahawia, yakibeba matawi, na mawe ya kuvukia yalikuwa hayaonekani.

"Tukingoja?" Wiam alimwuliza kwa Kiarabu.

"Tukingoja yatazidi. Labda mpaka kesho."

Badria aliisikia pumzi ya Marhun ikikatika katikati, ikaja, ikakatika. Akamwambia dereva avuke. Hamed akasoma bismillahi, akatia gari majini. Maji yakapiga mlango, yakaingia miguuni, na pahala pamoja gari lote likasogea ubavu kama kitu kinachosukumwa na mkono. Wiam alikuwa kafumba macho. Badria hakufumba, alimkodolea mumewe, asije akamkosa anapoondoka. Kisha matairi yakashika changarawe, wakapanda ng'ambo.

Hospitali ya Ibra walimpa oksijeni na sindano. Daktari, Mhindi mpole, alisema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa. Badria alikaa kwenye benchi ya ukumbini, nguo zimerowa hadi magotini, na Wiam akakaa naye. Hakumwuliza kitu. Badria ndiye aliyesema, mwenyewe, khabari ya shamba, na ya mama yake, na ya mtu yule mwenye sauti ya upole. Alikuwa hajapata kuisimulia kwa mtu asiyekuwa mumewe.

Wiam aliisikiliza yote. Mengine hakuyafahamu, maneno yalimshinda, lakini aliushika mkono wa Badria asiuachie.

"Mie nilikuuliza vibaya," alisema.

"Wewe umeuliza kama watu wote wanavyouliza."

Wadi liliwazuia Ibra siku mbili. Waliporudi Saqiya Marhun alikuwa anatembea mwenyewe, polepole, sauti imekwaruza. Wiam akaja tena kumaliza kazi yake, safari hii na halua. Badria alikaa mbele yake, Marhun ubavuni pake.

"Wawili," alisema, kabla hajaulizwa. "Mimi na mume wangu. Anaitwa Marhun." Wiam alipoondoka, Badria alikaa mlangoni akiitazama njia mpaka magharibi, kila vumbi likiinuka anashika mlango. Hakuja mtu, ila mbuzi wa jirani.

Khofu yake haikwisha siku ile, wala mwaka ule. Usiku mwengine alimwamsha Marhun kumsikiliza anavyopumua, na Marhun akapumua kwa nguvu ili asikie, kisha akalala tena. Lakini ghala alilitoa majani yote, akayahamishia zizini, na kwenye ule ukuta usio na dirisha akamwita fundi akatoboa dirisha pana.

Wiam alizoea kuja Alkhamisi, akijifunza mkate wa kumimina na Kiswahili kwa pamoja. Mkate ulimtii upesi. Kiswahili kilichukua muda, na Badria hakumcheka.