Kago la Mzee Karisa na nyanya niliyomlisha mwanangu

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena ni aibu yangu, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, mkaazi wa Shella, Malindi. Mambo ya uganga huyacheka waziwazi.

Mke wangu kwao ni Adu. Likizo iliyopita tulikwenda kumsalimu mamake.

Jirani yao, Mzee Karisa, analima nyanya. Asubuhi moja tukakuta ametundika kitambaa chekundu shambani mwake. Hilo ni kago, uganga wa kulinda shamba. Ukila cha mle, unaugua mpaka mwenyewe akufungue.

Mama mkwe akanionya, "Mwanangu, hapo msiguse."

Nikacheka. Nikachuma nyanya mbili (ndiyo, ni wizi, najua). Moja nikala, nyingine nikampa binti yangu Dama, wa miaka sita, mbele ya watu wote. Mjuaji, eti!

Saa haikupita. Dama akaanza kutokwa na mate, jasho likamwagika, akatapika, akalegea.

"Kago limemshika!" mama mkwe akalia. "Twende tukamwombe mzee amfungue!"

Nikakataa. Nikasema ni jua, apewe maji alale. Wallahi hata mimi kichwa kilikuwa kinanizunguka, nikaficha. Niliogopa kuonekana nimeshindwa.

Mama mkwe hakunisikiliza. Alitoka mbio, miguu mitupu, akarudi na Mzee Karisa, ambaye hata shikamoo yangu hakuitika.

"Jana jioni nimepiga sumu ya wadudu! Nikiwakataza kwa mdomo hamsikii, ndio nikatundika kago, maana hilo mnaliogopa. Hospitali, upesi!"

Akanipa kopo la sumu nikamwonyeshe daktari. Mimi na mke wangu tukapanda pikipiki ya kukodi, Dama katikati yetu, shingo haina nguvu. Nililia njia nzima.

Daktari alisoma lile kopo akajua la kufanya. Akasema tungechelewa kidogo tu, tungerudi na maiti.

Dama ni mzima, nami pia, alhamdulillahi. Mama mkwe bado anasema kago lilimshika, sumu ilikuwa njia tu. Nabishana naye mpaka leo.

Lakini imani yake ndiyo iliyomkimbiza kwa mtu mwenye jibu. Mimi na sayansi yangu tulikaa tukisingizia jua. Sote wawili tulikuwa na jibu kabla ya kumtazama mtoto, ila langu ndilo lililotaka kumuua.

Mnaoamini na msioamini, uwanja ni wenu. Hata matusi nayapokea. Mke wangu mpaka sasa haniachii Dama nimlishe.